Obedi

Obedi ni jina la kiume la Biblia, lenye maana ya "anayetumikia" au "anayeabudu". Asili yake ni kitenzi cha Kiebrania ʿavad, ambacho hubeba kazi, utumishi na ibada kwa pamoja. Msemaji wa Kiswahili anao mzizi wake tayari mdomoni: abudu, ibada na Abdallah vimetoka kwenye mzizi huohuo kupitia Kiarabu.

Mwenye jina ni mtoto wa Ruthu na Boazi, baba wa Yese, babu wa Daudi. Hatendi neno lolote katika hadithi. Cha ajabu ni aliyempa jina: si baba wala mama, bali wanawake majirani, waliosema kwamba Naomi, mama mkwe wa Ruthu aliyefiwa na wanawe, ndiye aliyepata mtoto (Ruthu 4:17). Maobedi wengine wamo katika Mambo ya Nyakati, akiwemo shujaa mmoja wa Daudi.

Huko Uvira, mashariki mwa Kongo, ambako wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika mwaka 1921, majina ya namna hii yalienea pamoja na ubatizo. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliyapiga marufuku. Watu wakabaki na ya ukoo. Leo yamerudi, na kwenye karatasi za Kongo huandikwa mwishoni, baada ya majina mawili ya nyumbani. Mtaani mzazi naye hubadilika jina: anayeuza mikeke Kalundu, hapo Uvira, huitwa Mama Obedi, na majirani ndio wanaomwita hivyo.