Mafua, Ufagio na Diwali

Najua nimewatupa. Wiki nzima niko nyumbani Upanga, siyo hosteli, na sababu ni mbili: mafua na Diwali. Vimekuja pamoja kama mapacha. Homa imeshakata, koo bado linakwaruza na pua inatiririka, lakini angalau naweza kukaa mbele ya kompyuta bila kuona nyotanyota. Wale mlionitumia notsi za semina, Mungu awazidishie.

Kwa wasiojua, wiki ya kabla ya Diwali nyumba ya Kihindu haikaliki. Kabati zinavutwa, mapazia yanashushwa, vyombo vyote vinatolewa jikoni, hata feni inapanguswa panga moja moja. Imani yetu ni kwamba usiku wa Diwali, ambao hauna mwezi kabisa, Lakshmi, mungu wa kike wa neema, huingia kwenye nyumba iliyo safi na yenye taa. Sasa mtu wa mafua na vumbi wapi na wapi? Mama kanifukuza vyumbani, kanipeleka barazani kwa bibi. Sisi Wagujarati tunamwita Ba. Ba kanipa kazi ya wagonjwa, yaani kusokota tambi za pamba za taa za udongo, na kila nikigeuka kuna kikombe cha maziwa ya moto yenye manjano, tangawizi na pilipili manga. Msicheke. Mafua hayaishi kwa siku moja, lakini koo linashukuru.

Basi nikiwa nimekaa pale nasokota, nikaanza kujiuliza maswali ya darasani. Hii kazi ya kufagia ilianzaje? Na ilifikaje huku kwetu pwani?

Tuanze na hali ya hewa. Diwali huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Kule Gujarat ndiyo mvua kubwa za masika yao zimekwisha. Kuta zimeota ukungu, magodoro yananuka unyevu, kwa hiyo kutoa vitu nje, kuvianika na kupaka chokaa ni akili ya kawaida kabla hata ya kuwa dini. Hapa Dar kalenda ile ile inakutana na mwanzo wa vuli. Unafagia asubuhi, jioni mvua inashuka, watu wanaingia na matope, na ile rangoli, michoro ya unga wa rangi mlangoni, inakuwa uji. Mama hukasirika kila mwaka kama vile ni mara ya kwanza. Ndiyo gharama ya kusafirisha sikukuu kwa jahazi!

Na kweli ilikuja kwa jahazi. Pepo za kaskazi huanza kuvuma kuelekea kwetu kuanzia Novemba au Desemba hivi. Mfanyabiashara wa Kutch au Gujarat alikuwa anafunga hesabu wakati wa Diwali, mwaka mpya wa Kigujarati unaanza baada ya hapo, halafu vyombo vinatweka tanga kuja Afrika. Ndiyo maana Diwali ya wafanyabiashara ina ibada ya madaftari. Daftari la zamani linafungwa, jipya lenye jalada jekundu linawekwa mbele ya Lakshmi na kuandikwa maneno ya heri na faida. Siku hizi kuna wanaoweka kompyuta mahali pa daftari, nayo inapakwa kidoti chekundu vile vile.

Zanzibar ya karne ya 19 ilizijua sana daftari hizo. Kuanzia miaka ya 1830 kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Wabhatia kutoka Kutch, ilikodi kwa Seyyid Said kazi ya kukusanya ushuru wa forodha. Burton na Speke walipofika Zanzibar kabla ya kuingia bara mwaka 1857, aliyekuwa anaisimamia forodha kwa niaba ya kampuni hiyo ni Ladha Damji. Maneno ya biashara ile bado tunayo mdomoni: hundi, bima, laki. Na tusipake chokaa juu ya ukungu. Mikopo ya Wahindi iliendesha pia misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na wengi wao walimiliki watumwa, hadi mwaka 1860 konseli wa Kiingereza, Rigby, alipowalazimisha kuwaachia maelfu. Hayo nayo yalikuwa kwenye zile daftari nyekundu zilizobarikiwa.

Lakini kitu kilichonishika mimi ni kingine. Wabhatia wale walikuja peke yao. Kwa mila za tabaka lao kuvuka bahari kulikuwa na unajisi, na wake zao walibaki Kutch. Kwa hiyo Diwali za mwanzo za Wahindu wa Zanzibar zilikuwa Diwali za wanaume, duka na daftari. Nyumba ilifagiliwa ng'ambo ya bahari, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Mwaka 1872 meli za British India zilianza kuleta barua Zanzibar, safari zikawa fupi na za uhakika zaidi, na taratibu kuelekea mwisho wa karne wanawake wa Kihindu nao wakaanza kuja. Nafikiri hapo ndipo Diwali ilipohama dukani ikaingia nyumbani. Mwanaume mwenye daftari anaweza kuondoka na pepo za kusi. Mwanamke akishaanika magodoro na kupaka kuta chokaa, hapo mtu ameshahamia.

Sasa mnakumbuka tulivyofundishwa sekondari? Wahindi: wafanyabiashara, halafu wajenga reli ya Uganda 1896 hadi 1901, vibarua kama 32,000, basi, geuza ukurasa. Hakuna mtu anayefagia humo ndani. Matokeo yake mwanafunzi anabaki na picha ya watu waliokuja kuchukua na kuondoka, wapita njia tu.

Nyumba zenyewe zina historia yake. Aprili 1971 serikali yetu ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja. Mengi mjini Dar yalikuwa ya Waasia. Familia yetu hatukuwa na jengo, tulikuwa wapangaji, kwa hiyo kwetu aliyebadilika ni mwenye nyumba tu: kodi ikaanza kwenda kwa Msajili wa Majumba. Lakini Ba anasema mwenye nyumba wetu wa zamani alibaki ghorofa ya juu, naye sasa mpangaji kama sisi, na Diwali ile mke wake alishuka akifagia ngazi zote mpaka chini, kama kawaida yake. Hakuna aliyemuuliza anafagia mali ya nani.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Uganda. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wana siku 90 kuondoka, na mwisho wake ulikuwa Novemba 8. Nimeangalia kalenda: Diwali mwaka huo ilikuwa Novemba 5. Yaani siku tatu kabla! Zaidi ya watu 27,000 waliishia Uingereza, na mmoja wao ni dada yake Ba, ambaye alikuwa ameolewa Kampala. Ba anasema walikuwa na masanduku tayari mlangoni, na bado dada yake alitoa vyombo vyote jikoni, akavisugua, akaosha sakafu, akawasha taa chache ndani tu, nje hakuthubutu. Kesho yake wakafunga mlango, ufunguo wakampa jirani Mganda. Barua yake ilipofika kutoka Leicester, Ba alimjibu akimuuliza alikuwa anamfagilia nani. Dada yake akaandika kwamba mwaka ulikuwa umekwisha, na mwaka ukiisha nyumba inafagiliwa.

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko mafua. Mimi nilikuwa nadhani tunasafisha kwa sababu nyumba ni yetu. Kumbe historia yetu huku imejaa watu waliosafisha nyumba za kupanga, nyumba zilizotaifishwa, na hata nyumba za kuachwa baada ya siku tatu. Hati zilikuwa zinabadilika mikono, ufagio haukubadilika. Kama unataka kujua nani alikuwa mkazi wa mji huu, hati peke yake haitakuambia.

Kwa hiyo walimu wenzangu watarajiwa, hili nawaachia. Tutakapokwenda kufundisha, mada hii itakuja, na kitabu kitatupa duka na reli. Tuwaulize pia watoto nyumba ilisafishwaje, na nani, kwa sikukuu gani. Swali hilo halihitaji bajeti wala maabara, na kila mtoto ana jibu, awe wa Idi, Krismasi au Diwali. Wakishalinganisha majibu yao ubaoni, ndipo muwaeleze habari za forodha na hundi.

Wahadhiri hawajali kama ni sikukuu, kwa hiyo Jumatatu tuko pamoja, nikiwa na leso yangu. Kwa sasa niwaambie salamu yetu ya mwaka mpya, ambayo maneno yake wengi wenu mtayatambua: Saal Mubarak!