Fahamu vikundi vya uandishi vya wanafunzi wa uzamivu

MWANAFUNZI wa shahada ya kwanza husikiliza mhadhara pamoja na wenzake na kufanya nao mtihani mmoja. Mwanafunzi wa uzamivu hana bahati hiyo. Mada ni yake peke yake, na pendekezo la utafiti likishapitishwa hubaki yeye, msimamizi wake na karatasi tupu.

Hapo ndipo wengi hukwama. Data zimekusanywa, vitabu vimesomwa, lakini sura haziandikwi. Miaka hupita, ada huongezeka, na familia iliyovumilia huanza kuuliza masomo yatakwisha lini.

Kikundi cha uandishi ni mojawapo ya njia za kuondoa mkwamo huo.

Maana yake

Ni wanafunzi wachache, aghalabu wanne hadi sita, wanaokutana kwa ratiba maalumu ili kuandika pamoja na kusomeana rasimu. Hakina mwalimu wala alama. Peter Elbow wa Marekani alieleza utaratibu wa namna hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1973.

Mwanasaikolojia Robert Boice, pia wa Marekani, alichunguza uandishi wa wahadhiri katika miaka ya 1980. Alibaini kuwa walioandika kidogo kidogo kwa ratiba walipata kurasa nyingi kuliko waliosubiri nafasi kubwa.

Hali ya Unguja

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001, hutoa masomo hadi ngazi ya uzamivu, Kiswahili kikiwemo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ipo kisiwani humo.

Mwanafunzi wa ngazi hiyo mara nyingi ni mhadhiri au mtumishi wa umma. Mchana yuko kazini, jioni ana familia, na tasnifu hungojea usiku. Msimamizi wake huenda yuko ng’ambo ya bahari.

Lugha nayo ni mtihani. Anayeandika juu ya fasihi ya Kiswahili huandika kwa lugha anayoifikiria. Anayechunguza matumbawe au mwani huandika kwa Kiingereza. Kikundi humpa huyu wa pili nafasi ya kueleza hoja yake kwanza kwa Kiswahili. Akishindwa kuieleza kwa lugha yake, basi tatizo si Kiingereza, bali hoja haijaiva.

Mfano wa karibu

Afrika ina mfano wa msaada wa aina hii. Muungano wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 chini ya kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, umewapitisha wanafunzi wa uzamivu katika semina nne za pamoja. Kundi lililoanza pamoja lilisonga mbele pamoja, kuanzia pendekezo hadi uandishi.

Namna ya kukiendesha

Saa mbili kwa wiki zinatosha. Saa ya kwanza ni ya kuandika kimya: dakika 25 za kazi, tano za mapumziko, kisha tena.

Saa ya pili husomwa rasimu ya mmoja, isiyozidi kurasa kumi, iliyotumwa siku mbili kabla. Wasomaji hueleza walichoelewa, walipopotea na ushahidi uliokosekana. Sarufi husahihishwa mwisho. Mwandishi husikiliza bila kujitetea, kisha hutaja kazi atakayoleta siku ya zamu yake.

Mipaka yake

Kikundi si badala ya msimamizi, kwani uamuzi wa kitaaluma hubaki kwake. Kumwandikia mwenzako sura ni udanganyifu. Data za mtu ni amana, hazitolewi nje.

Vikundi vingi hufa kwa sababu mbili: wanachama kuacha kuhudhuria, na mkutano kugeuka baraza la malalamiko.

Kwa upande wa vyuo, gharama ni ndogo: chumba tulivu, saa isiyoingiliwa na vikao, na mafunzo ya takwimu na ya kunukuu marejeo. Wanafunzi wanaweza kuanza hata kabla ya hayo kupatikana, mradi wawepo wanne na siku moja ya wiki isiyobadilika.