Mfahamu Nzi Anayetumika Kudhibiti Gugu Vamizi la Lantana Afrika Kusini

Lantana ni kichaka chenye asili ya Amerika ya kitropiki kilichofikishwa Afrika Kusini katika karne ya 19 kama pambo la bustani. Ndege hula matunda yake na kueneza mbegu, hivyo gugu hilo limevamia malisho, misitu na kingo za mito. Majani yake yana sumu. Ng'ombe akiyala kwa wingi huharibika ini, ngozi yake hubabuka kwa jua na anaweza kufa.

Miongoni mwa wadudu walioletwa kulidhibiti ni nzi mdogo, Ophiomyia camarae, aliyechukuliwa Florida, Marekani. Baada ya majaribio ya karantini ya kupima usalama wake kwa mimea mingine, aliachiliwa Afrika Kusini mwaka 2001. Australia nayo ilimwachilia mwaka 2007.

Jike hutaga mayai upande wa chini wa jani. Buu anapoanguliwa huingia ndani ya jani na kuchimba njia akifuata mshipa mkuu na mishipa ya pembeni, na mchoro unaobaki hufanana na mifupa ya samaki. Mishipa hiyo ndiyo inayosafirisha maji na chakula cha mmea, hivyo jani lililochimbwa hudhoofika na kupukutika kabla ya wakati.

Hata hivyo, uwezo wa nzi huyo una mipaka. Hustawi katika maeneo yenye joto na unyevu, hususan pwani ya KwaZulu-Natal. Kwenye nyanda za juu, lantana hupukutisha majani wakati wa baridi, na idadi ya nzi hushuka kwa kukosa mahali pa kuzaliana. Aidha, nyigu wadogo hushambulia mabuu yake.

Kwa sababu hiyo, nzi hulipunguzia gugu nguvu lakini haling'oi. Sheria ya Afrika Kusini bado inamtaka mwenye ardhi kudhibiti lantana, kwa kung'oa vichaka au kuvikata na kupaka kiuagugu kwenye visiki, na kufuatilia machipukizi.

Lantana imeenea pia Tanzania, Kenya na Uganda. Uzoefu huo unaonesha kuwa uteuzi na upimaji wa mdudu wa kudhibiti gugu ni kazi ya watafiti na mamlaka za afya ya mimea, wakati kusafisha malisho kunabaki kuwa jukumu la mfugaji na mkulima.