Austin: mji uliohamisha watu kwa shule

Ukitaja Austin siku hizi, utasikia teknolojia, muziki na kodi za nyumba zilizowahi kupaa. Mwaka 1920 mji huo wa Texas ulikuwa na watu wasiofika 35,000. Sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya 960,000. Sawa, umekua. Mimi ninachotaka kujua ni nani alisukumwa pembeni.

Jibu limo kwenye mpango wa mji wa 1928, uliotayarishwa na kampuni ya Koch and Fowler. Tangu 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishakataza sheria za kuwagawia watu mitaa kwa rangi. Basi wapangaji wakatafuta njia ya panya: shule na bustani za watu Weusi ziwekwe mashariki tu. Hakuna sheria iliyosema "hama". Lakini mzazi gani atabaki pale ambapo mtoto wake hana shule?

Wapo waliobaki. Clarksville, mtaa ulioanzishwa 1871 na Charles Clark, aliyekuwa mtumwa kabla ya uhuru, uko magharibi, na wakazi wake wengi waligoma kuondoka. Baadaye barabara kuu ya MoPac ikaukata. Kule mashariki nako, barabara ya Interstate 35 iliyofunguliwa 1962 ikawa kama ukuta.

Leo ardhi ile ile ya mashariki ni ghali, na wajukuu wa waliosukumwa huko wanahama tena. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Austin wageni wanakuja kweli. Mwenyeji ndiye anayefungasha.