Sabufa, betri na hesabu za Wati

Jamaa wakisikia naandika programu hudhani natengeneza redio pia. Swali ninaloulizwa sana ni hili: redio yangu imeandikwa wati 50 mara 4, mbona fundi anasema sabufa lazima iwe na amplifaya yake? Jibu liko kwenye historia ya volti.

Mwaka 1930 kampuni ya Galvin ya Chicago ilianza kuuza redio ya gari kwa jina Motorola. Redio za enzi hizo zilitumia valvu, na valvu zilitaka volti nyingi, hali betri ya gari la kawaida la Marekani ilikuwa ya volti 6. Muda si mrefu kikaja kifaa kiitwacho vaibreta, kikiukatakata umeme wa betri ili upite kwenye transfoma na kupandishwa. Transista zilipofika zikaridhika na volti 12, vaibreta ikastaafu.

Hapo ndipo besi iliponyimwa haki yake. Injini ikiwaka una kama volti 14.4. Kwa spika ya omu 4, piga hesabu mwenyewe: redio haiwezi kutoa zaidi ya wati 26 safi kwa kila spika, na kwa kawaida hazifiki hata 20. Ile 50 ya kwenye boksi ni ya sauti iliyokwisha kuchanika (watu wa matangazo hao!). Ndiyo maana amplifaya ya sabufa ina transfoma inayopandisha volti upya. Vaibreta imerudi kazini, safari hii ikiwa transista.

Upande wa boksi, shukrani ni kwa Edgar Villchur. Mwaka 1954 spika yake ya AR-1 ilionyesha kwamba hewa iliyofungiwa kwenye boksi dogo inaweza kuwa springi ya spika, ukapata besi nzito bila kabati la nguo. Kisha Neville Thiele wa Australia akaandika hesabu za boksi lenye tundu, 1961. Wengi hawakuziona hadi zilipochapishwa tena Marekani mwaka 1971, na Richard Small akaziendeleza. Leo unaingiza namba chache za spika kwenye programu ya bure, inakupa ukubwa wa boksi. Bado kuna mafundi wanaokata mbao kwa kukisia, halafu besi inavuma kama pipa tupu.

Sasa la muhimu. Amplifaya ya wati 500 za kweli inaweza kuvuta zaidi ya ampea 50, kupitia waya unaopita chini ya zulia kutoka betri hadi buti. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi iliyo kwenye buti haisaidii kitu, moto umeshaanza njiani. Mwambie fundi aweke fyuzi pale pale karibu na betri, na usilipe kabla hujaiona.