Je, Miaka Ndiyo Iuguzayo Moyo?

Ukimwuliza mtu sokoni kwa nini mzee fulani anaugua shinikizo la damu, yaani presha, aghalabu atakujibu kwa neno moja: uzee. Jibu hilo huwaridhisha wengi, nao huliacha jambo papo hapo, kwa kuwa hakuna awezaye kuizuia miaka isipite. Lakini, msomaji, mojawapo ya kazi za historia ni kuyapima majibu mepesi kwa mambo yaliyotukia. Basi na tulipime jibu hili kwa ushahidi uliopatikana katika Afrika ya Mashariki, tukianzia ujirani wa Chepilat.

Chepilat ni soko lililo mpakani mwa Bomet na Nyamira, kando ya barabara itokayo Kisii, ikapita Keroka, ikaendelea Sotik na Kericho. Upande mmoja wakaa Wakipsigis, na upande wa pili Abagusii. Na pande zote mbili msafiri huona mashamba ya majani chai. Katika miaka ya 1920, wakati makampuni makubwa yalipokuwa yakianza kupanda chai huko Kericho, Kisii ilikuwa makao makuu ya wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini. Katika wilaya hiyo alifanya kazi daktari mmoja aitwaye C. P. Donnison. Daktari huyo aliwapima shinikizo la damu wenyeji wapatao 1,000, vijana kwa wazee, na mwaka 1929 akachapisha matokeo yake katika gazeti la madaktari liitwalo Lancet, huko London.

Habari alizozitoa ziliwashangaza wenzake. Siku zile madaktari wa Ulaya walijua kwamba shinikizo la damu hupanda kadiri mtu anavyoongezeka miaka, nao waliona jambo hilo kuwa la kawaida, kama mvi na makunyanzi. Donnison aliona kwamba wenyeji walilingana na Wazungu mpaka umri wa miaka 40 hivi. Kutoka hapo njia ziliachana: shinikizo la Wazungu liliendelea kupanda, lakini la wenyeji halikupanda, bali lilielekea kushuka. Tena alieleza kwamba katika muda wa miaka miwili hospitali yake ililaza wagonjwa wapatao 1,800, na hakukuta hata mmoja mwenye shinikizo lililopita kiasi.

Msomaji mwangalifu hana budi kuuliza: daktari huyo aliujuaje umri wa watu wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa? Swali hilo ni la haki. Umri ulikadiriwa tu. Mtu aliweza kukumbuka njaa fulani au vita vya 1914. Na miongoni mwa Wakipsigis, mtu hujulikana kwa rika lake, kama vile Nyongi, Maina au Chumo, lakini rika moja huchukua miaka mingi. Kadhalika yawezekana kwamba minyoo, malaria na upungufu wa damu viliwadhoofisha baadhi ya watu na kushusha shinikizo lao. Kwa hiyo ushuhuda wa mtu mmoja haukutosha. Ulihitaji mashahidi wengine. Nao walikuja, ingawa walichelewa.

Kabla ya kuwasikiliza mashahidi hao, inatupasa kwanza tuelewe miaka humfanyia nini mtu. Moyo hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku, na kila pigo huisukuma damu katika mishipa inayotanuka na kurudi kama mpira. Kadiri miaka inavyopita mishipa hukakamaa, na damu hupita kwa nguvu zaidi. Mafuta nayo huweza kuganda kidogo kidogo kwenye kuta zake, mpaka njia ikawa nyembamba. Ikiziba katika moyo, mtu hupatwa na shtuko la moyo. Ikiziba katika ubongo, hupatwa na kiharusi.

Huko Marekani, mwaka 1948, wataalamu walianza kuwafuatia watu 5,209 wa mji wa Framingham, wenye umri wa miaka 30 hadi 62, ili waone ni nani atakayeugua moyo na nani atakayepona. Kutokana na kazi hiyo dunia ilijifunza kuhesabu vihatarishi, yaani mambo yanayomsogeza mtu karibu na ugonjwa: shinikizo la damu, kolesteroli nyingi, sigara, kisukari, unene, na pamoja na hayo yote, umri. Ni kweli, basi, kwamba umri ni kihatarishi, tena ni kimoja kisichoweza kubadilishwa. Lakini je, umri hudhuru kwa nguvu zake wenyewe, au hudhuru kwa sababu huyapa muda mambo mengine yafanye kazi yao?

Mwaka 1953 ilitoka habari iliyosaidia kulijibu swali hilo. Madaktari wa Marekani waliichunguza mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22 tu. Hata hivyo, zaidi ya robo tatu yao walikutwa na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo. Vijana hao waliweza kupiga mbio na kubeba silaha, wala hawakujua kwamba safari ilikwisha kuanza. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba cha moyo huanza kujazwa ujanani.

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ya 1960 daktari A. G. Shaper, aliyekuwa akifundisha Kampala, aliwachunguza Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya. Kisha yeye na wenzake wakawatazama vijana wa Kisamburu walioingia katika Jeshi la Kenya. Damu ilikuwa ile ile na kabila lile lile. Kilichobadilika ni maisha: posho ya jeshi, yenye chumvi nyingi kuliko chakula cha nyumbani. Katika miaka ya utumishi wao, shinikizo la damu la askari hao lilipanda.

Shahidi wa pili ni uchunguzi mkubwa wa chumvi uliochapishwa mwaka 1988, ambao uliwapima watu zaidi ya 10,000 kutoka mahali 52 duniani. Katika mahali pane tu chumvi ilionekana kuwa kidogo sana, shinikizo likawa chini, nalo halikupanda sana kwa umri. Watatu wa hao wanne walikuwa watu wa misitu ya Brazili na milima ya Papua New Guinea. Wa nne walikuwa watu wa mashambani katika Kenya.

Shahidi wa tatu atakugusa wewe hasa. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuatia vijana wa Kiluo wenye umri wa miaka 15 hadi 34, waliotoka vijijini Nyanza wakaenda Nairobi kutafuta kazi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitolewa mwaka 1990: shinikizo la wale waliohama lilipanda katika muda wa miezi michache tu, wala si baada ya miaka 30. Chumvi katika mkojo wao iliongezeka, na madini ya potasiamu, yapatikanayo kwa wingi katika mboga na matunda, yalipungua. Yafaa uyazingatie maneno haya: miezi michache iliwapandisha shinikizo vijana ambao, kama uzee ungekuwa ndio sababu pekee, wasingeguswa kwa miaka mingi.

Kutokana na mashahidi hao twaweza kutoa hukumu. Miaka si mkosaji peke yake. Miaka ni kama ghala: huhifadhi kile tulichokiweka. Anayeweka humo chumvi nyingi, mafuta mengi, sigara na kukaa kitako, hukuta akiba hiyo uzeeni, pamoja na riba yake. Hata hivyo tusizidishe maneno. Hata mtu mwangalifu mishipa yake hukakamaa kiasi, na wengine hurithi udhaifu kutoka kwa wazazi. Tena si kila ugonjwa wa moyo ni wa wazee: homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, huharibu milango ya moyo ya watoto na vijana. Katika Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, wengi wamepasuliwa moyo kwa sababu ya ugonjwa huo.

Lakini nchi aliyoiona Donnison haipo tena. Wimbi, maziwa ya mursik na mboga za isagek, ambazo Abagusii huziita chinsaga, bado vipo mezani, lakini vimepata majirani wapya: mafuta ya kukaangia, vibanzi, soda, na chai yenye vijiko vingi vya sukari. Mwendo wa miguu kwenda sokoni umechukuliwa na pikipiki. Katika hesabu ya afya iliyofanywa nchini Kenya mwaka 2015, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne, wa umri wa miaka 18 hadi 69, alikutwa na shinikizo lililopanda. Nalo lilizidi kadiri umri ulivyozidi. Zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Ile njia ambayo wenyeji wa Kavirondo Kusini waliachana nayo baada ya umri wa miaka 40, wajukuu wao sasa wanaifuata.

Huenda ukasema, "Mimi ni mwanafunzi, mambo haya ni ya babu na nyanya." Kumbuka askari wa Korea, na vijana walioshuka garini Nairobi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Shinikizo la damu halina maumivu ya kumwonya mtu. Hujulikana kwa kupimwa tu, na kipimo chenyewe huchukua dakika chache katika zahanati. Basi waombe wakubwa wako wapimwe, nawe uliyepewa dawa usiiache kwa kuwa unajisikia mzima. Punguza chumvi, usiianze sigara, na umbali unaowezekana uende kwa miguu.

Wazee wa Kisii mwaka 1929 hawakuwa na elimu ya kolesteroli, wala hawakuchagua maisha yao kwa kusoma vitabu. Maisha yenyewe yaliwalinda, ingawa maradhi mengine yaliwaua mapema. Wewe maisha ya leo hayatakulinda hivyo. Lakini umepewa elimu ambayo wao hawakuwa nayo. Miaka itakuja kwako kama ijavyo kwa kila mtu. Itakachokikuta ndani ya mishipa yako, sehemu kubwa yake unaanza kukiweka sasa.