Kiberenge cha Vifurushi

Kiberenge ni gari dogo la reli linalojiendesha kwa injini yake lenyewe, na hapo ndipo linapotofautiana na behewa, ambalo halina injini na husubiri kukokotwa na kichwa cha treni. Ingawa wengi hulihusisha neno hilo na gari la mafundi wanaokagua njia, ni sahihi kabisa kulipanua lijumuishe magari ya dizeli yaliyoundwa kubeba vifurushi, kama lile Namba 17 la Reli ya Great Western ya Uingereza, la mwaka 1936, ambalo halikuwekwa viti vya abiria, kwani nafasi yote iliachiwa mizigo midogo. Tofauti hizi zitahitajika pia Burundi, ambako mji wa Bujumbura haujawahi kufikiwa na reli: mizigo inayosafirishwa kwa reli kutoka Dar es Salaam hushushwa Kigoma, ambako Reli ya Kati ilifika mwaka 1914, kisha hupakiwa melini kuvuka Ziwa Tanganyika. Sasa reli inajengwa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, na magazeti yatakayoiandika hayana budi kutenganisha kiberenge, behewa na kichwa cha treni, kwa sababu mfanyabiashara wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, anayetuma kifurushi kimoja ana haki ya kujua kitabebwa na nini.